Dogo Aslay, Aslay, na Albamu Iliyokosa Jalada

Mwaka 2017 kijana wa Temeke, Aslay Isihaka, aliwafanyia mashabiki wa Bongo Fleva jambo ambalo hawakuwa wamelizoea. Alitoa wimbo. Kabla haujapoa akatoa mwingine, na huo wa pili ulipokuwa bado unapanda redioni, wa tatu ukaingia. Zikafuatana "Angekuona", "Usitie Doa", "Muhudumu", "Baby", "Pusha", "Likizo", "Danga" na "Natamba", na hizo si zote. Mwaka ni mmoja, sauti ni moja, na karibu kila wimbo unazunguka mapenzi: kuyatamani, kuyaringia, kuyaugulia.

Nyimbo zilitosha albamu. Albamu haikutoka.

Mazungumzo ya leo, msikilizaji wa hapa Kwa Mathias kando ya barabara ya Morogoro na wewe uliye upande wa Kisarawe, yanahusu pengo hilo. Siku hizi msanii hupimwa kwa idadi ya watazamaji wa YouTube na kwa wimbo unaovuma wiki hii. Wapo wanaoweza kupimwa hivyo na wasidhulumike. Aliyeanza kuimba utotoni hayumo kati yao. Huyo watu wamekwisha kumjua kwa sauti ambayo haipo tena, maana imevunjika, na kwa sura ambayo imeota ndevu. Akishakua anadaiwa kujitambulisha upya, na dakika nne za wimbo mmoja hazitoshi kazi hiyo. Aslay ndiye aliyeihitaji albamu kuliko wenzake wote wa rika lake, na ndiye aliyeikosa.

Turudi mwanzo. Jina lake lilianza kusikika mwaka 2011 kwa "Naenda Kusema", na wakati huo aliitwa Dogo Aslay. Kichwa tu cha wimbo kinakupeleka utotoni. Kwenda kusema ndiyo silaha pekee aliyonayo mdogo mbele ya mkubwa, na aliyelelewa katika nyumba ya wapangaji wengi, yenye korido moja na choo kimoja, anajua silaha hiyo inavyotisha. Sauti yenyewe ilikuwa nyembamba, ya juu, yenye kilio ndani yake hata pale maneno yalipokuwa ya utani. Na alitamka Kiswahili kama kinavyotamkwa nyumbani, bila kuigiza Umarekani. Kwa mtoto aliyeingia studio katika zama ambazo wakubwa wake walikuwa wakihangaika kuiga vya nje, lile lilikuwa jambo kubwa.

Aliyemlea kisanii ni Said Fella, anayejulikana zaidi kwa jina la Mkubwa Fella, kupitia kituo cha vipaji cha Mkubwa na Wanawe, Temeke. Fella hakuwa mgeni mjini. Ndiye aliyemsimamia Juma Nature na kundi la TMK Wanaume Family, na alikuwepo wakati Bongo Fleva inaishi kwa kanda. Juma Nature alitoa "Nini Chanzo" mwaka 2001 na "Ugali" mwaka 2003, na zote mbili zilikuwa albamu kwa maana kamili ya neno. Kanda ilikuwa na upande A na upande B. Wimbo mmoja au nyimbo mbili zilipelekwa redioni ili mtu aende Kariakoo, au amtume anayekwenda Kariakoo, akanunue nyingine zilizobaki. Msanii alilazimika kufikiri: upande A unaanza na nini, upande B unafungwa na nini, wimbo wa huzuni ukae wapi ili usimchoshe msikilizaji.

Dogo Aslay alipofika, soko hilo lilikuwa limekwisha kufa. Kanda zilikuwa zinaoza madukani, CD zilikuwa zinachomwa kila kona, na hapa Kwa Mathias kama kwingineko barabara nzima ya Morogoro, mtu mwenye hamu ya nyimbo alikwenda kwenye kibanda chenye kompyuta, akatoa memori kadi ya simu yake na kujaziwa. Aliondoka na mchanganyiko: Aslay katikati ya taarabu ya Mzee Yusuf na kwaya ya kanisani, akifuatiwa na singeli. Kwenye kioo cha simu yalionekana jina la wimbo, jina la msanii lililoandikwa kwa makosa, na jina la tovuti ulikopakuliwa. Mtunzi hakutajwa, wala prodyuza, wala aliyepiga gitaa, wala mwaka. Ndivyo kizazi kizima kilivyomsikiliza Aslay, vipande vipande, na ndiyo maana hata shabiki wake wa damu ukimuuliza ipi ilitangulia kati ya "Pusha" na "Likizo" atasita.

Kisha ikaja Yamoto Band. Fella aliwaunganisha vijana wanne wa kituo chake: Aslay, Beka Flavour, Enock Bella, na mtoto wa Kibiti aliyeitwa Maromboso, ambaye leo tunamjua kama Mbosso. Kuanzia mwaka 2014 hakukuwa na shughuli ya mkoa wa Pwani iliyokamilika bila wao. "Niseme", "Nitajuta", "Nitakupwelepweta", "Cheza kwa Madoido": nyimbo hizi zilichezwa kwenye vigodoro vya Mbagala na kwenye harusi za Mlandizi kwa uzito uleule. Ukizisikiliza leo, jambo la kwanza utakaloliona ni jinsi kila mmoja alivyopewa zamu yake. Anaingia mmoja, anatema ubeti, anampisha mwenzake, wote wanakutana kwenye kiitikio. Ni desturi ya ngoma zetu za Wazaramo na jirani zao, ya kupokezana na kuitikiana, imewekwa juu ya midundo ya kompyuta. Wazee wa Kisarawe waliokulia kwenye mdundiko hawakuhitaji kuelezwa kwa nini wajukuu wao wanaruka.

Lakini zamu ina gharama yake. Kwa miaka ile ya bendi, Aslay hakuwa akikua mbele ya watu kama mtu mmoja. Alikuwa robo ya kundi. Alipoingia alikuwa Dogo Aslay, na bendi ilipovunjika mwaka 2017 alitoka akiwa mwanaume mwenye sauti nzito kidogo kuliko ile ya zamani, na hadithi ya mabadiliko hayo ilikuwa imetawanyika ndani ya beti za watu wanne.

Hilo ndilo lililoupa mwaka 2017 joto lake. Mtu aliyekaa zamu kwa miaka alipata kipaza sauti peke yake, na akawa na mengi ya kusema. Ukiziweka nyimbo za mwaka ule pamoja na kuzisikiliza kwa mfululizo, unasikia kitu ambacho redio, kwa kuzipiga moja moja, haikuweza kukionyesha. Unamsikia mtunzi anayejua kusimamia hisia moja na kuitazama kila upande. "Natamba" ni ya aliyependwa na anataka mtaa mzima ujue. "Likizo" ni ya aliyechoka. "Usitie Doa" ni ya anayeomba kisichafuliwe kilicho safi. Sauti inapanda pale pale penye maumivu, na pale ambapo waimbaji wengine wa Bongo Fleva wangekimbilia kelele yeye anavuta silabi ya mwisho na kuiachia taratibu, mvuto wa taarabu uliotoka Unguja ukapitia Tanga hadi Temeke. Haikuwa ajabu basi kwamba mwanzoni mwa 2018 alimshika mkono Nandy na kuimba naye "Subalkheri Mpenzi", utungo wa taarabu ya zamani, na wawili hao wakaufanya uonekane umetungwa jana.

Kwa maoni ya mzungumzaji huyu, kama kazi ya kutungwa na kuimbwa, nyimbo za Aslay za 2017 ndizo fungu bora kuliko yote yaliyotoka mikononi mwa vijana wa Yamoto, kabla na baada.

Tatizo ni kwamba fungu hilo halina jina. Wimbo mpya uliusukuma wa zamani nje ya barabara. "Danga" haikupewa muda wa kutua, ikafuatwa na nyingine. Msanii alikuwa akishindana na nafsi yake mwenyewe, na mwaka ulipokwisha watu walikumbuka nyimbo mbili tatu walizozipenda na kusahau kwamba zilikuwa na ndugu zake.

Sasa mtazame mwenzake. Mbosso alisajiliwa na lebo ya WCB Wasafi Januari 2018 na kuanza na "Watakubali". Njia ilikuwa fupi, maana Mkubwa Fella huyohuyo alikuwa mmoja wa mameneja wa Diamond Platnumz, mwenye lebo hiyo. Ndani ya Yamoto, Maromboso hakuwa sauti ya kwanza ambayo mtu aliitaja. Wasafi hawakumharakisha. Zilitoka "Nadekezwa", "Hodari", "Tamu", kila moja ikipewa nafasi ya kupumua, video yake na msimu wake. Kisha, Machi 2021, zaidi ya miaka mitatu baada ya kusajiliwa, ikatoka albamu: "Definition of Love", yenye nyimbo 12.

Ulikuwa msimu wa albamu kurudi. Diamond alikuwa ametoa "A Boy from Tandale" mwaka 2018, na mwaka huohuo Nandy alitoa "African Princess" na Vanessa Mdee "Money Mondays". Harmonize alifuata na "Afro East" mwaka 2020. Ali Kiba angekuja na "Only One King" miezi michache baada ya Mbosso. Majina karibu yote ni ya Kiingereza, hata pale ndani kulipojaa Kiswahili cha uswahilini, kwa sababu albamu hizi zilielekezwa pia kwa maduka ya muziki ya mtandaoni ambako mnunuzi anaweza kuwa Lagos au London. Kwa mtu wa Kwa Mathias aliyezipenda nyimbo, hilo linauma kidogo. Jalada linamzungumzia mtu mwingine.

Je, "Definition of Love" ni albamu nzuri? Ni nzuri, na ina udhaifu unaoonekana. Wageni ni wengi: Diamond yumo kwenye "Baikoko" na "Karibu", Darassa kwenye "Kadada", Spice Diana wa Uganda kwenye "Yes", na Flavour wa Nigeria naye yumo. Kila mgeni ameleta mlango wake wa kuingilia, na ukisikiliza mfululizo unahisi unahamishwa kutoka chumba hadi chumba kabla hujakaa. Mbosso huimba kwa upole, karibu na kunong'ona, kwa madaha ya filamu za Kihindi anazozipenda kiasi cha kujiita Khan. Sauti ya namna hiyo inataka utulivu, na albamu haimpi utulivu kila mara.

Lakini inapompa! Sikiliza "Tulizana". Pale amewaita Wana Njenje, yaani bendi iitwayo Kilimanjaro, wanamuziki wa dansi ambao mizizi yao ni Tanga na ambao wamepiga vyombo kwa miongo kadhaa. Ghafla kijana aliyelelewa kwenye midundo ya kompyuta anaimba akiwa amezungukwa na watu wanaopumua. Hajaribu kuwashinda. Anaimba kana kwamba amekaribishwa barazani kwa wazee na ameacha viatu mlangoni. Na wao hawamfanyi mtoto. Kuna "Baikoko" pia, iliyobeba jina la ngoma ya Tanga yenye sifa ya kiuno, na hapo albamu inakuwa imeigusa Tanga mara mbili, mara kwa ngoma ya uwanjani na mara kwa dansi la ukumbini. Hayo hayaonekani wimbo ukitoka peke yake. Yanaonekana kwa sababu yamewekwa chini ya jalada moja, na msikilizaji anapata haki ya kuyalinganisha.

Hiyo ndiyo faida ambayo Mbosso aliipata na Aslay akaikosa. Tangu Machi 2021, anayetaka kujua Maromboso amekuwa nani ana pa kuanzia. Alipotoa EP ya "Khan" mwaka 2022, mwaka ambao pia alikuwa akifanya amapiano na Costa Titch wa Afrika Kusini, watu walijua amesogea kutoka wapi kwenda wapi. Alipoondoka Wasafi mwaka 2025 na kuja na "Pawa", mazungumzo mitaani yalikuwa kama anazidi au anapungua ukilinganisha na albamu ile. Anapimwa kwa kazi yake mwenyewe. Aslay, kila anapotoa wimbo mpya, bado anapimwa kwa kumbukumbu: ya dogo wa 2011, ya bendi, ya mwaka mmoja wa mafuriko.

Jambo hili la mwimbaji wa utotoni kujitambulisha upya kwa albamu halikuanzia Temeke. Mwaka 1962 mtoto kipofu wa miaka 12 kutoka Detroit, aliyeitwa Little Stevie Wonder, alirekodiwa jukwaani akipiga kinanda cha mdomo katika "Fingertips", na wimbo ule ukashika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1963. Lile "Little" ndilo "Dogo" la kwao. Lilidondoka baada ya muda, lakini kwa miaka kampuni ya Motown iliendelea kumtoa zaidi kwa nyimbo moja moja. Alipotimiza miaka 21, mwaka 1971, mkataba wa utotoni ulikwisha naye akadai kitu kimoja kikubwa kabla hajasaini mwingine: mamlaka juu ya kazi yake. Kilichofuata ni albamu, moja baada ya nyingine, "Music of My Mind" na "Talking Book" mwaka 1972, "Innervisions" mwaka 1973, hadi "Songs in the Key of Life" mwaka 1976. Leo hata aliyeisikia "Fingertips" hafikirii kumwita mtoto.

Janet Jackson alipita njia hiyohiyo. Wamarekani walimjua akiwa binti mdogo kwenye tamthilia za televisheni, na albamu zake mbili za mwanzo hazikuwabadilisha mawazo. Kisha akaachana na usimamizi wa baba yake, akaenda Minneapolis kwa maprodyuza Jimmy Jam na Terry Lewis, akarudi mwaka 1986 na "Control". Nyimbo zake ni tisa tu, lakini zilipangwa ili mtu akifika ya mwisho awe amekutana na mwanamke ambaye hakumjua.

Aslay alikuwa na nyimbo zake, na wala si chache. Alichokosa ni mtu wa kumwambia: simama hapo, tuzipange.

Basi na zipangwe, kwa kuwa hazijachelewa. Ianze na "Angekuona", kwa sababu ndiyo aliyoitanguliza mwenyewe alipoanza kusimama peke yake, na inastahili kubaki mlangoni. "Baby" na "Pusha" zifuate, za mtu aliyekolea. "Muhudumu" ikae katikati, palipokuwa pakiitwa mwisho wa upande A, maana baada yake unahitaji kunyamaza kidogo. Upande wa pili uanze na "Danga", kisha "Usitie Doa" na "Likizo" zishikane mikono, manung'uniko na uchovu. "Natamba" ifunge. Wimbo wa furaha ukiwekwa mwisho baada ya malalamiko yote yale unasikika tofauti kabisa: yule anayetamba ni mtu aliyekwisha kuumia, na anajua anachojivunia.

Jalada libebe majina. Maprodyuza wa kila wimbo watajwe, waliopiga vyombo watajwe, tarehe ya kurekodi iandikwe, na Mkubwa na Wanawe pia watajwe kwa malezi. Maandishi hayo yawe kwa Kiswahili. "Subalkheri Mpenzi" isiingizwe humo, pamoja na utamu wake. Ile ni ya mwaka mwingine na ya watu wawili, na mahali pake ni kwenye albamu ambayo yeye na Nandy bado wana umri na sauti ya kuifanya: nyimbo nane au tisa za taarabu ya zamani, kwa udi, fidla, kanuni na kibodi kidogo, zikirekodiwa na wanamuziki walioketi chumba kimoja.